Mnara Uliozimwa na Kasi Iliyoongezeka: Tathmini ya Mtandao Wangu Miezi 18 Baada ya Muungano

Kampuni mbili za simu zilipotangaza kwamba zimekamilisha kuungana, kitu cha kwanza kilichobadilika kwangu hakikuwa kasi wala mawimbi, bali jina. Asubuhi hiyo, juu ya kioo cha simu, mahali nilipozoea kuona jina lile lile kwa miaka tisa, paliandikwa jina jipya, na muda mfupi baadaye ukaingia ujumbe ukinieleza kwamba sasa ni mteja wa mtandao mkubwa zaidi, wenye minara mingi zaidi, na kwamba sihitaji kufanya lolote. Ujumbe ule bado ninao. Tangu siku hiyo nimelipia laini mbili, moja kutoka kila upande wa muungano, nikazitumia kila siku kwa kazi na kwa familia, na nimekuwa nikiandika daftarini kila mara simu ilipokatika, kila mara intaneti ilipogoma, na kila mara huduma ilipokuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu ninayoyaeleza hutokea karibu kila mahali mitandao miwili inapofanywa kuwa mmoja, na ninayemwandikia ni yule ambaye mtandao wake uko njiani kuunganishwa.

Nitoe hukumu yangu mapema. Kwa upande wa intaneti, mtandao huu leo ni bora kuliko ulivyokuwa wowote kati ya ile miwili ya zamani, na tofauti si ndogo. Hata hivyo, kuna wateja ambao muungano umewanyang'anya mawimbi waliyokuwa nayo, tena bila kuwaambia, na mmoja wao ni mama yangu. Mambo haya mawili yana chanzo kimoja, nayo ni hesabu ya minara, na ndiyo maana ninadhani tathmini yoyote ya mtandao ulioungana inayotazama kasi peke yake haijamaliza kazi.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa mibaya, na ni vizuri mtu ajue sababu, ili asiihame kampuni kwa hasira wala asiivumilie kwa kudhani kwamba simu yake ndiyo mbovu. Siku ya kwanza ya muungano kampuni huwa moja kisheria, lakini mitandao bado ni miwili: ina mitambo miwili ya kuongoza simu, minara iliyopangwa na wahandisi wasiojuana, na orodha mbili za wateja. Hatua ya kwanza ambayo kampuni nyingi huchukua ni kuwaruhusu wateja wa upande mmoja kutumia minara ya upande wa pili. Hilo likifanyika, mtu aliyekuwa hana mtandao katika eneo fulani anaweza kuamka akaukuta, na hilo lilinitokea kweli kwenye sehemu ya barabara ninayopita kwenda kazini, ambako kwa miaka yote simu ilikuwa ikinyamaza kwa karibu dakika sita.

Tatizo lilikuwa mpakani. Simu inapotoka mnara mmoja kwenda mwingine katikati ya mazungumzo, mnara unaoiachia lazima uwe unamjua jirani yake, yaani uwe na orodha ya minara inayouzunguka na masafa (njia za mawimbi ya redio) ambayo kila mmoja unayatumia. Minara ya kampuni mbili tofauti haijawahi kujuana kwa namna hiyo, na orodha hizo huongezwa kidogo kidogo, eneo baada ya eneo. Kabla hazijakamilika, simu husafiri nawe hadi pale mnara wa kwanza unapoishiwa nguvu, kisha hukatika, na baada ya sekunde kumi au kumi na tano huibuka upande wa pili ikiwa na mawimbi tele kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika mwezi wa pili simu zangu zilikatika mara 23, na mara 17 kati ya hizo zilikatika katika sehemu tatu zile zile za barabara. Kufikia mwezi wa tano sehemu mbili zilikuwa zimetengenezwa. Ya tatu ilichukua mwaka mzima.

Kuna kasoro nyingine ndogo ambayo iliwasumbua watu wengi ninaowajua, na dawa yake ni ya dakika moja. Mtu aliyewahi kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuchagua mtandao mwenyewe, badala ya kuiachia simu ichague, alibaki ameng'ang'ania minara ya zamani hata pale ya upande wa pili ilipokuwa na nguvu zaidi. Jirani yangu alikaa hivyo miezi mitatu akilalamika kwamba muungano ni maneno matupu, hadi tulipofungua mipangilio pamoja na kurudisha uchaguzi wa mtandao kuwa wa simu yenyewe, tukaizima simu na kuiwasha. Ujumbe wa kampuni uliosema hatuhitaji kufanya lolote ungeweza kulitaja jambo hilo kwa sentensi moja.

Sasa nije kwenye kasi, ambako sifa zinastahili kutolewa bila kusita. Kabla ya muungano laini yangu ya kwanza, nikiwa sebuleni saa mbili usiku, wakati ambao watu wengi wako nyumbani na wanatazama video, ilinipa kati ya megabiti 4 na 9 kwa sekunde, na laini ya pili ilinipa chini ya hapo. Leo, saa ile ile na mahali pale pale, ninapata megabiti 60 hadi 90 kwenye 4G, na kwenye 5G nimevuka 200 mara kadhaa. Zaidi ya namba, kinachonifurahisha ni utulivu. Mikutano ya kazini kwa njia ya video, ambayo zamani nilikuwa nikizima picha ili angalau sauti ipite, sasa inaendelea kwa saa nzima bila mtu kuniambia kwamba sauti yangu inakatika. Nimeipima kasi hiyo asubuhi, mchana na usiku, siku za kazi na siku za mapumziko, na tofauti kati ya saa zenye watu wengi na saa zenye watu wachache imepungua sana.

Sababu yake inaeleweka kirahisi ukishajua masafa ni nini. Kila kampuni ya simu hupewa na serikali vipande vya masafa, na kipande kikiwa kipana ndivyo data nyingi zaidi inavyopita kwa wakati mmoja. Katika 4G chaneli moja haiwezi kuzidi upana wa megahezi 20 (megahezi ni kipimo cha masafa). Kampuni yenye megahezi 10 pekee katika mkanda fulani basi inafanya kazi na nusu ya njia, na jirani yake mwenye 10 nyingine vilevile. Zikiungana na vipande vyao vikapakana, hupatikana njia moja ya 20, na faida yake ni zaidi ya kujumlisha, kwa kuwa mara nyingi njia ya mmoja husongamana wakati ya mwenzake iko wazi. Katika 5G ya masafa ya kati chaneli inaweza kufika megahezi 100, na hapo ndipo muungano unapolipa zaidi, kwani kampuni chache zina upana huo zikiwa peke yake.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni wa Marekani. T-Mobile ilipokamilisha kuichukua Sprint tarehe 1 Aprili 2020, T-Mobile ilikuwa na masafa ya chini, ya megahezi 600 (hapa namba inataja mahali pa masafa, si upana wake), ambayo husafiri mbali na kupenya kuta lakini hayabebi data nyingi, na Sprint ilikuwa na akiba kubwa ya masafa ya juu zaidi, ya gigahezi 2.5 (yaani megahezi 2,500), ambayo hubeba data nyingi lakini huishiwa nguvu haraka. Sprint ilikuwa imekaa na utajiri huo kwa miaka bila kuwa na fedha za kutosha wala masafa ya chini ya kutosha kuufanya mtandao mzuri. Yalipokutana masafa hayo mawili kwenye mnara mmoja, la mbali likawafikia walio pembezoni na la karibu likawapa kasi walio mjini, na T-Mobile, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nyuma ya wapinzani wake wawili wakubwa, ikatangulia katika 5G ya masafa ya kati. Mtu anayetaka kujua kama muungano wa mtandao wake utazaa matunda, aulize kwanza swali hili: kila upande unaleta masafa gani? Kama pande zote mbili zina masafa ya juu tu, usitarajie nyumba zenye kuta nene kupona.

Uingereza nako kuna la kujifunza. Orange na T-Mobile za huko ziliunganisha shughuli zao mwaka 2010, na mwezi Oktoba 2012, chini ya jina jipya la EE, zikawa za kwanza nchini humo kuuza 4G, kwa kutumia masafa ya megahezi 1800 waliyokuwa nayo kwa wingi. Mamlaka za ushindani ziliwalazimisha kuachia sehemu ya masafa hayo, nayo ikaenda kwa kampuni pinzani ya Three. Sharti kama hilo ni la kawaida katika miungano mingi, na mteja anapaswa kulifahamu, kwa sababu hesabu ya kujumlisha masafa ya pande mbili inayochapishwa siku ya kutangaza muungano huwa haijapunguzwa kile ambacho wasimamizi watakidai.

Nimetaja hayo mazuri kwa moyo mweupe. Sasa nieleze la mnara wa bondeni.

Mama yangu anaishi bondeni, mahali ambapo kilima kimoja kinakinga upande wa mashariki. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mteja wa upande mmoja wa muungano kwa sababu moja tu: mnara wao ulisimama kama mita 600 kutoka mlangoni kwake, na simu ilishika katika kila chumba cha nyumba, pamoja na chumba cha kulala kilicho nyuma kabisa. Nilipoanza daftari langu niliupima mtandao katika chumba hicho kwa programu ya simu inayoonyesha nguvu ya mawimbi, nikapata hasi 86. Kwa asiyezoea vipimo hivyo, kadiri namba inavyokuwa ndogo baada ya alama ya hasi ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Hasi 86 ni nzuri sana kwa chumba cha ndani, hasi 105 ni ya kubahatisha, na ukifika hasi 118 simu inaweza kuonyesha kijiti kimoja lakini mazungumzo hayakai.

Katika mwezi wa kumi na moja mama alinipigia akasema, «Mwanangu, hii simu imeanza kunisikilizisha upepo.» Nilidhani ni betri. Nilipofika Jumamosi ile nilikuta gari la mafundi limeegeshwa chini ya mnara na mtu amepanda juu, antena mbili tayari zimeshalazwa kwenye nyasi, nyeupe na ndefu kama mlango, na nyaya nyeusi zimekunjwa pembeni kwa uangalifu. Nilimuuliza aliyekuwa chini kama mnara umeharibika. Akafuta mikono, akanijibu kwa upole, «Haujaharibika, kaka. Tunaushusha. Mnahudumiwa na ule wa kule juu sasa.» Akanyoosha kidole kuelekea upande wa pili wa kilima, ambako mnara wa iliyokuwa kampuni pinzani unasimama kilomita nne kutoka hapo.

Ile ndiyo hesabu ya minara niliyoitaja mwanzo. Kampuni mbili zilizoshindana kwa miaka mingi huwa na minara mingi inayohudumia maeneo yale yale, na kila mnara una kodi ya kiwanja, umeme, ulinzi na matengenezo. Sehemu kubwa ya fedha ambazo wenye hisa huahidiwa kuokolewa na muungano hutoka hapo: minara inayoonekana kurudia kazi ya mingine huzimwa, na antena bora hupelekwa kwenye ile inayobaki. Kwenye ramani ya kompyuta uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa duara la mnara wa kilimani linaifunika nyumba ya mama. Duara la kompyuta, hata hivyo, ni makadirio yanayokokotolewa kwa urefu wa mnara, umbo la ardhi na aina ya masafa, na kwa kawaida hukisia mtu aliye nje ya nyumba. Mtu huyo huyo akiingia ndani, nyuma ya kuta mbili za matofali, anapoteza sehemu kubwa ya nguvu ile, na masafa yakiwa ya juu anapoteza zaidi.

Nilipima tena chumba cha nyuma jioni ile. Hasi 117. Mama akahamia kuzungumzia mlangoni mwa jikoni, amesimama, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango, na kwa wiki kadhaa kila nilipompigia niliweza kusikia kwamba yuko nje kwa sababu ya sauti za ndege. Ramani ya mtandao ya kampuni, wakati huo wote, iliendelea kuonyesha nyumba yake kwa rangi ile ile iliyokolea ya «huduma bora sana ndani na nje».

Malalamiko yangu ya kwanza kwa huduma kwa wateja yalifungwa baada ya siku mbili kwa ujumbe ulioniomba nizime simu na kuiwasha. Ya pili yalifungwa kwa maelezo kwamba hakuna hitilafu katika eneo hilo, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwani mnara uliozimwa kwa makusudi hauhesabiwi kuwa hitilafu. Ya tatu niliyaandika kwa kirefu, nikaweka vipimo vya kabla na vya baada, tarehe na saa, na namba ya utambulisho ya mnara ambayo programu ile huionyesha, na safari hii nilipigiwa na mhandisi. Ninataka kumpa haki yake mtu yule. Alinisikiliza dakika ishirini, akaniuliza nyumba imeelekea wapi na kuta ni za nini, akanieleza bila kuficha kwamba mnara wa kilimani ulikuwa ukitumia masafa ya juu pekee upande unaotazama bonde, na kwamba antena za megahezi 700 zimo katika mpango lakini hazijafika. Baada ya miezi mitatu zilifungwa. Kwa mtandao huu chumba cha nyuma leo kinasoma hasi 107, mara nyingine 109. Mazungumzo yanawezekana, lakini si yale ya zamani.

Kinachonikera si kuzimwa kwa mnara kwa jumla, kwa sababu ninaelewa kwamba bila kuzima baadhi ya minara kasi niliyoisifu haingepatikana. Kinachonikera ni mpangilio wa kazi na ukimya. Antena za masafa ya chini zilipaswa kufungwa kilimani kwanza, zipimwe kutoka bondeni, ndipo mnara wa bondeni ushushwe, na wateja wanaolala karibu na mnara ule kila usiku, ambao kampuni inawajua mmoja mmoja kwa kuwa simu zao huungana nao, walipaswa kupata ujumbe wiki kadhaa kabla. Kampuni ilinitumia ujumbe zaidi ya 40 wa kunipongeza na kuniuzia vifurushi katika miezi hii 18. Wa kueleza kwamba mnara wa mama unazimwa haukuwamo.

Suala la simu zenyewe linahitaji maneno kadhaa, kwa sababu hapo ndipo watu wenye simu za zamani huumia. Muungano mara nyingi huambatana na kuzima teknolojia za zamani ili masafa yake yahamishiwe 4G na 5G. Marekani, mtandao wa zamani wa Sprint wa aina ya CDMA ulizimwa mwaka 2022, na wateja waliokuwa na simu zisizoweza kupiga kwa njia ya 4G walilazimika kubadilisha simu. Kwetu ilizimwa 3G. Wengi walifikiri haiwahusu, kwa kuwa simu zao zinaonyesha 4G. Lakini zipo simu zinazotumia 4G kwa intaneti tu, na unapopiga au kupigiwa hushuka kwenye 3G au 2G ili sauti ipite. Simu ya mama ni ya namna hiyo. Baada ya 3G kuondoka ikawa inashuka hadi 2G, na muda wa kusubiri kutoka kubonyeza hadi mlio wa kuita ukaongezeka kutoka sekunde nne hadi kumi au kumi na moja, muda ambao mzee hudhani simu haijapiga na kuikata. Kabla ya kulaumu mawimbi, tazama wakati wa mazungumzo: ikiwa alama ya 4G inatoweka mara unapopiga na kurudi ukimaliza, simu yako haipigi kwa njia ya 4G, au inaweza lakini haijawashwa. Kwenye simu nyingi za karibuni ipo swichi katika mipangilio ya laini, na kuiwasha kunaleta sauti safi na muda mfupi wa kuunganisha.

Laini nayo ina umuhimu. Laini yangu ya upande ulionunuliwa ilikuwa ya zamani, na ingawa ilifanya kazi, haikuweza kufungua 5G hadi nilipokwenda dukani kuibadilisha. Ubadilishaji ulichukua nusu saa na namba yangu haikuguswa. Baadaye niliingiza mwenyewe jina jipya la lango la intaneti (APN) katika mipangilio, kwa kuwa la zamani lilikuwa likipitisha data kwa mzunguko, na muda wa kuitikia ukashuka kutoka karibu milisekunde 90 hadi 35. Anayecheza michezo ya mtandaoni au kufanya mikutano ya video atauhisi upungufu huo kuliko atakavyohisi ongezeko la megabiti.

Kuhusu malipo na vifurushi sina mengi. Vifurushi vya pande mbili viliendelea kutofautiana kwa miezi saba, kisha vikalinganishwa, na kile nilichokuwa nacho kilipunguzwa dakika na kuongezewa data. Wanaozungumza sana kuliko wanavyotumia intaneti wamepata hasara hapo. Salio langu lilihamishwa sawasawa.

Ninaulizwa na marafiki kama muungano wowote hatimaye huzaa mtandao bora, nami ninajibu kwa mifano miwili. Ujerumani, Telefónica yenye O2 ilipoichukua E-Plus mwaka 2014, wateja walianza kutumia 3G ya pande zote mbili mwaka uliofuata, lakini kazi ya kuiunganisha minara yenyewe ilichukua miaka kadhaa, na katika miaka hiyo mtandao huo ulibaki nyuma ya Telekom na Vodafone katika vipimo vya ubora. Subira ilihitajika, na matokeo yalikuja. India mambo yalikwenda vingine. Vodafone na Idea ziliungana mwezi Agosti 2018 zikiwa na wateja zaidi ya milioni 400, wengi kuliko kampuni yoyote nchini humo, lakini kampuni mpya ilizaliwa na mzigo mkubwa wa madeni na ushindani mkali wa kampuni pinzani ya Jio, ikakosa fedha za kujenga 4G kwa kasi iliyohitajika, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imebaki na takriban nusu ya wateja wale. Kuungana peke yake hakujengi mnara hata mmoja. Kinachojenga ni fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo, na ahadi inayoweza kufuatiliwa.

Kwa sababu hiyo ninaufuatilia kwa karibu muungano wa Vodafone na Three nchini Uingereza, uliokamilika tarehe 31 Mei 2025. Wasimamizi wa ushindani waliuruhusu kwa sharti kwamba kampuni itekeleze mpango wa kuboresha mtandao, wenye thamani ya pauni bilioni 11 kwa miaka kumi, na mpango huo una nguvu ya kisheria. Laiti muungano wetu ungekuwa na sharti kama hilo, pamoja na kifungu kinachosema kwamba mnara hauzimwi hadi vipimo vya ndani ya nyumba, si vya kompyuta, vionyeshe kwamba anayeachwa hapotezi.

Kwa anayefikiria kujiunga na mtandao huu, au mwingine ulioungana karibuni, ningemshauri asitazame ramani ya kampuni wala tangazo la kasi. Aazime laini ya rafiki kwa siku mbili, aiweke kwenye simu yake mwenyewe, alale nayo katika chumba anacholala na kupiga simu kutoka chumba kilicho ndani zaidi, apite nayo barabara yake ya kila siku akiwa kwenye mazungumzo, kisha aipime saa mbili usiku. Kama nyumba ina intaneti ya waya, awashe huduma ya kupiga simu kupitia Wi-Fi, ambayo mtandao wetu uliiwasha kwa wateja wote katika mwezi wa tisa na ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo zawadi bora kuliko zote tulizopewa na muungano huu. Aliye na intaneti ya waya na simu inayoikubali hana sababu ya kuhangaika na kuta nene.

Nikiulizwa nitoe alama, kwa intaneti ninaupa mtandao huu 9 kati ya 10, kwa simu za sauti barabarani 7, kwa simu za sauti ndani ya nyumba 5, na kwa jinsi walivyowajulisha wateja 2. Mhandisi yule peke yake angepata 10.

Laini yangu ya pili nimeifunga mwezi huu kwa sababu sasa zote mbili zinatumia minara ile ile na hakuna tena ninachokilinganisha. Ya kwanza ninaendelea nayo. Ya mama nimeihamishia kampuni nyingine, namba yake ikiwa ile ile, kwa kuwa kampuni hiyo ina mnara mdogo upande wa chini wa bonde, na chumba cha nyuma kinasoma hasi 94. Wiki iliyopita nilimpigia saa tatu usiku akapokea akiwa kitandani.

Ombi langu kwamba kampuni ichapishe orodha ya minara itakayozimwa, angalau miezi miwili kabla, lilipokelewa na kupewa namba. Bado linaonyesha kuwa «linashughulikiwa».